Jenerali von Lettow-Vorbeck na Mizigo ya Vita Vyake

Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, katika nchi inayoitwa leo Zambia, kulikuwa na boma la Waingereza lililojulikana kwa jina la Fife. Katika siku za kwanza za Novemba 1918, jeshi lililotoka upande wa Mbozi lilifika mbele ya boma hilo, likalipiga, likashindwa kulitwaa, kisha likalizunguka na kuendelea na safari yake kuelekea kusini. Jeshi hilo lilikuwa limetembea kwa miguu tangu Kilimanjaro hadi Ruvuma, na tangu Ruvuma hadi karibu na Quelimane katika nchi ya Wareno, kisha likarudi tena. Kiongozi wake alikuwa Mjerumani mmoja, mwenye jicho moja tu lililo zima, naye jina lake lilikuwa Paul von Lettow-Vorbeck.

Tumeona yafaa habari za maisha yake ziandikwe katika kitabu hiki cha miaka kumi ya Chama Kikuu. Yawezekana msomaji akauliza jenerali ana jambo gani na wakulima. Jawabu ni kwamba vita vyake vilipita juu ya ardhi hii tunayoilima, vilibebwa mabegani mwa watu wa ardhi hii, na vililishwa kwa ulezi, mahindi na ng'ombe wao. Vitabu vingi vimeandikwa Ulaya juu ya werevu wake. Juu ya waliomlisha yameandikwa machache mno, na katika ukurasa huu tutajaribu kuwatazama yeye na wao pamoja.

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, karibu na mpaka wa Ufaransa. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Prussia, na ukoo wao ulikuwa wa makabaila wa Pomerania, watu ambao kwao kumpeleka mtoto jeshini lilikuwa jambo la kawaida, kama kwetu kumpeleka mtoto shambani. Akasoma katika shule za watoto wa kijeshi, na mwaka 1890 akapewa cheo cha luteni. Miaka kumi baadaye alikwenda Uchina pamoja na majeshi ya mataifa yaliyotumwa kuwazima Mabokser. Huko aliona kwa mara ya kwanza namna Waingereza wanavyopigana vita vya mbali, na yasemekana hakuvutiwa sana.

Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi inayoitwa leo Namibia. Hapo hatuna budi kusimama kidogo, kwa kuwa wengi wanaomsifu hupita haraka mahali hapa. Waherero walikuwa wameinuka kupigania ardhi na mifugo yao, na Jenerali Lothar von Trotha akatumwa kuwaangamiza. Lettow-Vorbeck alikuwa afisa katika makao yake makuu. Waherero walisukumwa katika jangwa la Omaheke, wakazuiwa kurudi kwenye visima, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa kiu, wanaume, wanawake na watoto. Kisha zamu ikawa ya Wanama. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba tendo lile lilikuwa mauaji ya kuangamiza taifa. Lettow-Vorbeck mwenyewe, katika maandiko yake ya uzeeni, alimtetea mkuu wake. Mwaka 1906, katika mapigano na Wanama, alijeruhiwa, na jicho lake la kushoto halikuona tena.

Alifika Dar es Salaam mwezi Januari 1914, akiwa luteni kanali, kuja kuliongoza jeshi la ulinzi la Afrika Mashariki ya Wajerumani. Jeshi lenyewe lilikuwa dogo: makampuni 14, yenye Wazungu wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500, waliotawanywa katika nchi kubwa kuliko Ujerumani yenyewe. Askari hawa walitoka katika makabila mengi, wakiwamo Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuonekana na wananchi wakati wa Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, walipoteketeza mashamba ya kusini. Kwa hiyo lile jambo la kushinda vita kwa kumaliza chakula cha nchi halikuletwa na Lettow-Vorbeck, alilikuta.

Vita vya Ulaya vilipoanza mwezi Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie. Alitegemea mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi kwa makoloni ya Afrika ya kati kukaa nje ya vita vya Wazungu, tena aliogopa kwamba vita vingeharibu mashamba ya mkonge, kahawa na mpira, na kuwaamsha wananchi. Lettow-Vorbeck alikuwa na shabaha nyingine. Alijua kwamba koloni haliwezi kushinda, na kwamba vita vitaamuliwa Ulaya. Lakini kila askari wa Mwingereza atakayelazimika kuja Afrika Mashariki hatapigana Ufaransa, na kila merikebu itakayoleta risasi Mombasa haitazipeleka kwingine. Basi nchi nzima, pamoja na watu wake, ikawa kwake chambo cha kumvutia adui. Schnee na Lettow-Vorbeck waligombana juu ya jambo hili miaka yote minne, huku wakisafiri pamoja, na mwisho mwanajeshi ndiye aliyepata njia yake. Mtu akiangalia hesabu ya waliokufa, ni vigumu asimwone gavana kuwa alikuwa na haki.

Katika upande wetu wa nchi vita vilianza mapema. Tarehe 13 Agosti 1914 merikebu ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen ilikwenda Liuli, katika Ziwa Nyasa, ikaipiga merikebu ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari za vita, tena alikuwa rafiki wa nahodha Mwingereza aliyempiga mzinga. Kisha mwezi Septemba kikosi cha Wajerumani kikatoka Langenburg Mpya, yaani Tukuyu, kikavuka Mto Songwe, na tarehe 9 kikaushambulia mji wa Karonga. Walishindwa, wakapoteza maafisa wengi. Kuanzia siku hiyo ukingo wote wa Songwe, kutoka ziwani hadi nchi ya Ileje, na mpaka wote wa kuelekea Tunduma na Ziwa Tanganyika, ukawa mstari wa vita kwa muda wa karibu miaka miwili. Watu waliozoea kuvuka mto kwenda kuoa na kubadilishana mazao walikuta ng'ambo kumekuwa kwa adui.

Lettow-Vorbeck mwenyewe alikuwa kaskazini, akiilinda reli ya Tanga. Huko ndiko alikopata sifa yake ya kwanza. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa bahari askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, ili wautwae mji wa Tanga. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, aliowashusha kwa gari moshi kutoka Moshi. Jemadari wa Kiingereza, Aitken, alikawia kushuka, hakupeleka wapelelezi wa kutosha, na watu wake walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya bahari. Mapigano yakawa ndani ya minazi na mashamba ya mpira, na nyuki waliokuwa mizingani wakachokozwa kwa risasi wakawauma watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 Novemba Waingereza walirudi merikebuni, wakiacha nyuma bombom 16, bunduki mamia na risasi 600,000. Silaha hizo ndizo alizotumia Lettow-Vorbeck kwa muda mrefu.

Ushindi wa pili ulimfundisha zaidi kuliko wa kwanza. Mwezi Januari 1915 alilitwaa boma la Jasini, mpakani karibu na Vanga, lakini alipoteza maafisa wengi na kutumia risasi 200,000 kwa siku mbili. Akapiga hesabu, akaona kwamba kwa namna ile angeweza kupigana mara tatu tu, kisha asibaki na kitu. Tangu hapo akaacha mapigano makubwa kwa kadiri alivyoweza. Alituma vikundi vidogo vya watu wachache kuvuka nyika na kuibomoa reli ya Uganda, madaraja na njia zake, naye akajishughulisha na kuongeza jeshi lake.

Katika wakati huo koloni lilizingirwa na manowari za Waingereza, na merikebu mbili tu za kuleta zana ndizo zilizopenya, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916. Kila kitu kingine kilitengenezwa nchini. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, walichemsha magome ya mkwinini wakapata dawa ya homa, chungu mno, ambayo askari wa Kizungu waliiita kinywaji cha Lettow. Nguo zilifumwa kwa pamba ya nchi, viatu vikashonwa kwa ngozi ya nchi, sabuni na mishumaa ikapatikana, na huko Tabora zikapigwa hata sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo. Manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikono ya Rufiji, ilipoharibiwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ilitolewa ndani ya maji ikafungwa magurudumu. Ikakokotwa nchi nzima kwa kamba, na waliovuta kamba walikuwa watu kwa mamia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililo kiini cha vita hivi. Katika sehemu kubwa ya nchi farasi, punda na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Magari yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa na kila kitanda cha afisa kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Mwanachama yeyote aliyewahi kupima mazao ataielewa hesabu hii upesi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa kilo 25 hivi, na mtu mwenye kazi hiyo huhitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akitembea siku kumi na mbili kupeleka unga, na siku kumi na mbili kurudi, akila katika mzigo wake mwenyewe, basi huko alikokwenda hana cha kumkabidhi askari. Ili askari mmoja ale mbali na ghala, walihitajiwa wapagazi wengi, na wapagazi hao wenyewe walihitaji wapagazi wa kuwalisha. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali ndivyo hesabu ilivyokataa, na penye upungufu ulijazwa kwa namna mbili: wapagazi walipunguziwa posho, na ghala za wanavijiji zilifunguliwa.

Pande zote mbili zilifanya hivyo. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika makoloni yao na katika nchi waliyoiteka, na hesabu yao wenyewe ya waliokufa haipungui 95,000. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa unga usioiva na kwa baridi ya milima. Upande wa Nyasa na Rhodesia watu hao waliitwa tengatenga. Huko Dar es Salaam kambi yao ilikuwa mahali ambapo leo ni soko na mtaa wa Kariakoo, na jina hilo limetokana na Kiingereza cha kikosi cha wapagazi. Mamilioni ya watu wamenunua nyanya na vitenge Kariakoo bila kufikiri kwamba wanalitaja jeshi.

Mwaka 1916 Waingereza waliingia kwa nguvu. Jenerali Smuts, Kaburu wa Afrika Kusini, alishuka kutoka Kilimanjaro. Wabelgiji walitoka Kongo wakaitwaa Tabora mwezi Septemba. Na kusini-magharibi, mwezi Mei, Jenerali Northey alivuka mpaka wetu kwa vikosi vinne, kutoka Karonga, Fort Hill ambayo leo ni Chitipa, Fife na Abercorn. Mwisho wa mwezi huo Tukuyu ilikuwa mikononi mwake, na mwezi Agosti akafika Iringa. Hivyo watu wa Ileje, Mbozi na Rungwe walitoka katika utawala wa Wajerumani miezi mitatu kabla ya watu wa Dar es Salaam, iliyotekwa tarehe 4 Septemba. Lakini kutoka katika utawala hakukuwa kutoka katika vita. Chakula cha jeshi la Northey kilitoka nyuma sana, kwa merikebu za Ziwa Nyasa, na upande wa Rhodesia kwa mitumbwi ya Bangweulu na Chambeshi, kisha kwa vichwa vya tengatenga hadi Fife na mbele yake. Vijana wengi wa pande zote za Songwe waliitwa kwenye kazi hiyo.

Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hatua kwa hatua, akavuka reli ya kati, akavuka Rufiji wakati wa mvua kubwa za mwanzo wa 1917, akakaa katika nchi yenye njaa. Kila mahali alipopita jeshi lake lilivuna mashamba ya watu kabla ya wakati, na alipoondoka, jeshi lililomfuata likavuna yaliyobaki. Daktari mmoja wa jeshi lake, Ludwig Deppe, aliandika baadaye kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, ghala tupu na njaa. Katika Ugogo, ambako Wajerumani na Waingereza walichukua ng'ombe, nafaka na vijana mmoja baada ya mwingine, mvua zilikosekana, ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, na yakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watano alikufa. Wanahistoria wengine hukadiria kwamba raia waliokufa katika koloni zima kwa njaa na maradhi ya vita walifika 300,000.

Hatupunguzi ustadi wake wa vita tukisema hayo. Katikati ya Oktoba 1917, huko Mahiwa, karibu na Lindi, alimpiga adui mwenye watu zaidi ya mara tatu ya watu wake. Waingereza walipoteza zaidi ya 2,000 kwa siku nne. Naye alipoteza zaidi ya 500, na hao hakuweza kuwapata wengine mahali pao. Mwezi uliofuata, juu ya nyanda za Makonde, aliwachambua watu wake. Wagonjwa, majeruhi na wasioweza kwenda aliwaacha nyuma wachukuliwe na Waingereza, kwa maana chakula hakikutosha. Akabaki na Wazungu wapatao 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000, pamoja na wake za askari na watoto waliofuatana nao safari yote. Baadhi ya watoto hao walizaliwa njiani, na mama zao waliamka asubuhi wakaendelea na safari. Tarehe 25 Novemba 1917 walivuka Ruvuma. Siku hiyo hiyo walilivamia boma la Wareno la Ngomano, wakapata bunduki, risasi na chakula cha kuwatosha kwa majuma mengi. Wakati huo huo ndege kubwa ya mvuke mwepesi, iliyorushwa kutoka Bulgaria kuwaletea dawa na silaha, ilikuwa imekwisha kurudishwa ikiwa juu ya Sudani, na kitu chake hakikuwafikia.

Miezi kumi walizunguka katika nchi ya Wareno, wakiishi kwa ghala za makampuni na kwa mashamba ya wananchi, nyuma yao wakifuatwa na majeshi yaliyowazidi kwa wingi. Wapagazi waliokufa au kutoroka walijazwa kwa watu waliokamatwa vijijini, na usiku walichungwa wasikimbie. Cheo cha ujenerali kilikuwa kimekwisha kumfikia kutoka Ujerumani, lakini viatu havikumfikia, na yeye na maafisa wake walivaa vilivyotokana na ngozi za wanyama waliowapiga.

Tarehe 28 Septemba 1918 akavuka tena Ruvuma kurudi katika koloni. Waingereza walidhani anakwenda Tabora, nchi ya askari wake wengi. Alipita karibu na Songea, akafika Ubena katikati ya Oktoba, na huko alimwacha Jenerali Wahle, mzee aliyekuwa mgonjwa, pamoja na wengine wasioweza kutembea. Homa ya mafua iliyokuwa ikiua dunia nzima ilikuwa imeingia katika msafara wake. Kisha, badala ya kaskazini, akageuka magharibi, akashika njia ya katikati ya maziwa mawili, yaani njia yetu hii. Mwisho wa Oktoba alikuwa Mbozi. Fife ilikuwa na ghala kubwa la jeshi la Waingereza, naye aliitamani kwa ajili ya ghala hilo. Lakini handaki zake zilikuwa imara, na bombom zake karibu zimwue yeye mwenyewe. Akaiacha. Nchi iliyokuwa imelisha majeshi ya Waingereza tangu 1914 ikalisha sasa na la Wajerumani, kisha na la Waingereza lililokuwa likimfukuza, halafu mafua yakaingia nyuma ya wote. Vijiji vilivyokuwa katika njia ya wapagazi ndivyo vilivyopata ugonjwa huo kwanza.

Tarehe 9 Novemba watu wake waliingia Kasama. Siku mbili baadaye vita vya Ulaya vilikwisha, naye hakujua. Alikuwa karibu na Mto Chambeshi, akitazama namna ya kuvuka kwenda kusini zaidi, hata kufikia migodi ya Katanga ikiwezekana, hapo tarehe 13 Novemba alipoletewa habari ya Jenerali van Deventer kwamba mapatano yametiwa sahihi. Mara ya kwanza hakutaka kuamini kwamba Ujerumani ndiyo iliyoshindwa. Aliamini kwamba, ikiwa vita vimekwisha, basi vimekwisha kwa heri. Mnara umejengwa hapo Chambeshi kuonyesha mahali vita vilipokoma.

Akarudi kaskazini kwa miguu hadi Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, na tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya wenzake wote duniani kuacha kupigana, akaweka silaha mbele ya Jenerali Edwards. Walikuwa Wajerumani 155, askari 1,168, na wapagazi na wanawake wengi zaidi ya hao. Bunduki nyingi walizoweka chini zilikuwa za Waingereza na za Wareno.

Ikabaki habari ya mshahara. Askari na wapagazi walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu, wengine kwa miaka. Lettow-Vorbeck aliomba fedha za kuwalipa, hakupata. Basi kila askari na kila mpagazi akaandikiwa hati yenye kiasi anachodai, akaambiwa aitunze vizuri. Sisi tulio katika ushirika twajua hati ya namna hiyo ni kitu gani, na twajua pia karatasi ina maisha gani katika nyumba ya nyasi yenye mchwa na moshi. Askari walipelekwa kwa merikebu hadi Kigoma, kisha kwa gari moshi hadi kambi ya Tabora, na mafua yakaua wengi wao humo kabla ya kuachiliwa. Mwenye ghala lililofunguliwa Mbozi au Ubena mara nyingi hakuandikiwa hati yoyote.

Maisha yake yaliyobaki tutayapitia kwa haraka. Tarehe 2 Machi 1919 aliingia Berlin juu ya farasi mweusi, na watu wa mji ule uliokuwa na njaa walimpokea kama mtu aliyeshinda, kwa kuwa katika majemadari wao wote yeye alionekana kuwa ndiye asiyeshindwa. Mwaka huo huo alioa, na baadaye akapata wana wawili na mabinti wawili. Aliongoza kikosi kilichozima ghasia za Hamburg, na mwaka 1920 akawaunga mkono waliojaribu kuipindua serikali ya jamhuri. Jaribio likaanguka, naye akaondolewa jeshini. Akafanya biashara Bremen, akaandika vitabu juu ya safari zake, na kutoka 1928 hadi 1930 akawa mbunge wa chama cha wahafidhina. Mwaka 1929 alialikwa London kula chakula na maadui zake wa zamani, akamkuta Smuts, na tangu hapo wakawa marafiki. Hitler alipotaka kumpeleka London awe balozi, alikataa. Hata hivyo utawala ule haukumwacha bila heshima, na mwaka 1938 ulimpandisha cheo.

Vita vya pili vilimchukulia wana wake wote wawili, na nyumba yake ya Bremen ikabomolewa kwa mabomu. Baada ya 1945 mzee huyu alikuwa na njaa, na waliompelekea vifurushi vya chakula ni watu waliokuwa wakimfukuza zamani, Smuts miongoni mwao. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 83, alirudi Afrika Mashariki kwa ziara, na askari wake waliokuwa hai wakaja kumlaki Dar es Salaam. Wapo wanaouona mkutano huo kuwa ushahidi wa upendo mkubwa. Pengine upendo ulikuwapo. Watu waliotembea pamoja kwa miaka minne hawaachani kabisa. Lakini waliokuja kulaki ni waliosalia, na tena ni askari, watu waliokula kwanza.

Alikufa Hamburg tarehe 9 Machi 1964, siku chache kabla ya kutimiza miaka 94, akazikwa Pronstorf, kaskazini mwa Ujerumani. Waziri wa ulinzi wa Ujerumani ya Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, aliyezaliwa Usambara mwaka 1913, alihutubia maziko, na askari wawili wazee waliletwa kutoka Afrika kusimama kaburini. Mitaa na kambi za jeshi zilipewa jina lake; katika miaka ya karibuni miji kadhaa imeyaondoa majina hayo, baada ya habari za Waherero na za wapagazi kuanza kusomwa huko. Mjusi mmoja wa kale sana, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru katika Lindi na kubebwa hadi pwani kwa vichwa vya wapagazi, bado anaitwa kwa jina lake katika vitabu vya wataalamu.

Sehemu ya madeni ya mishahara ilikuwa imelipwa na serikali ya Ujerumani katika miaka ya 1920. Mwaka ule aliokufa jenerali, bunge la Bonn lilikubali askari wote waliokuwa bado hai walipwe kilichobaki, na mlipaji akatumwa Tanganyika na sanduku la fedha. Walitokea wazee mamia kadhaa. Wachache tu kati yao walikuwa bado na zile hati za mwaka 1918.